Mpini Uliovuliwa Nyaya

Aliyemuua Onias Zhanje alikuwa amemfumba macho. Hilo ndilo jambo la kwanza Inspekta Sekesai Gwatidzo aliloliona katika karakana, na ndilo lililomsimamisha mlangoni kabla hajakanyaga sakafu.

Mzee alikuwa amelazwa chali kando ya meza aliyotengenezea vitu vya kale. Miguu ilikuwa imenyooshwa, mikono imewekwa ubavuni, na aproni yake ya ngozi imetandazwa juu yake hadi kidevuni. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kwenye kona ya jiliwa, lile koleo kubwa la chuma lililofungwa mezani, palikuwa na damu iliyoganda na unywele wa mvi.

"Amesukumwa," alisema Sajini Mavhunga, ambaye alikuwa amepiga magoti kando ya maiti. "Akaangukia jiliwa. Daktari atathibitisha, lakini mimi sioni pigo jingine."

"Na baada ya kufa akajifunika mwenyewe?"

"Hapana, Afande."

"Basi aliyemsukuma hakukimbia. Alibaki, akamtendea kama mtu anavyomtendea ndugu yake."

Droo ilikuwa wazi, na pochi ya mzee ilikuwamo, haijaguswa. Brashi, nta, mafuta ya kuondolea kutu, vyote vilikuwa mahali pake. Katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe, lilikuwapo bapa la shoka la kale: pana, limejipinda kama mwezi mchanga, na mkia mrefu wa chuma uliochongoka wa kupenya mtini. Kando yake palikuwa na fungu la nyaya nyembamba za shaba zilizovuliwa, na vigogo viwili vidogo vilivyofunikwa kwa blanketi, vya kuegeshea mpini. Mpini haukuwapo.

"Mwizi wa vitu vya kale angechukua chuma," alisema Sekesai. "Huo mpini ni mti tu."

"Labda alikatizwa."

"Mtu aliyepata wasaa wa kumfumba marehemu macho hakukatizwa, Mavhunga. Alichukua alichokitaka."

Mjane, Mama Esnathi, alikuwa amekaa nje kwenye benchi, bado katika sare ya umoja wa akina mama: blauzi nyekundu, kofia nyeupe. Ilikuwa Alhamisi, siku ambayo wanawake wote wa Mpandawana, mji mdogo wa wilaya ya Gutu, huwa kanisani na wanaume hujipikia chai. Sekesai alikaa kando yake, akapiga makofi ya pole kwa viganja vilivyokunjwa, akangoja mpaka yule mama aliporudisha pumzi.

"Mama Zhanje, lile shoka ni la nani?"

"La akina Muredzi."

"Lililetwa kutengenezwa?"

"Kutengenezwa na kutambuliwa. Walikuja baada ya mavuno, akina Muredzi na akina Marimo, wakakaa hapa kwenye mikeka, kila upande na wazee wake." Alivuta kona ya shuka lake. "Unaijua habari yao."

Sekesai aliijua. Wilaya nzima iliijua. Babu wa akina Muredzi alisemekana kumpiga mtu wa ukoo wa Marimo kwa shoka kisogoni, kwenye pombe ya mavuno, zamani za wakoloni, na damu ile haikulipwa. Miaka hii watoto wa akina Muredzi walipoanza kufa mmoja baada ya mwingine, mganga aliwaambia kuwa roho ya marehemu inadai. Inadai mke wa kumzalia watoto ambao hakupata nafasi ya kuwazaa. Akina Marimo walitaka msichana, aozwe mmoja wao kwa niaba ya marehemu, na msichana aliyekuwapo katika ukoo wa Muredzi ni mmoja tu: Locadia, mwana pekee wa Kenias, mwenye miaka kumi na mitano. Sheria inakataza jambo hilo kwa maneno makali. Nalo hufanyika kwa sauti ya chini.

"Walikubaliana nini hapa?"

"Kwamba Onias alisome lile shoka. Likiwa ndilo lililoua, mtoto aende. Likiwa silo, dai life. Wakamwapisha asimwambie mtu yeyote wa upande wowote mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, wote wakiwa wamekaa."

"Na wewe alikuambia?"

"Nilimwuliza. Akasema, 'Ukijua wewe, uso wako utamwambia mtu wa kwanza atakayekuja kuomba maji.'" Mama Esnathi alitazama mikono yake. "Tumekaa naye maisha yote, sisi wawili tu, hatukujaliwa mtoto. Hakuwahi kunificha kitu. Hiki alinificha."

Kesho yake Kenias Muredzi aliitwa kituoni. Alikuwa mwanamume mrefu, mkimya, aliyefiwa na mke miaka mingi iliyopita, na alikaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kiti chenyewe ni cha mtu mwingine. Sekesai alimwita kwa jina la mnyama wa ukoo wake, simba, kama adabu inavyotaka.

"Shumba, jana mchana ulikuwa wapi?"

"Joshoni."

"Josho ni Jumanne."

"Ndama wangu wawili walikosa Jumanne."

"Nani mwingine alikuwapo?"

"Hakuna."

"Uliwaogesha peke yako?"

"Niliwaogesha."

"Mlinzi wa josho anasema dawa ilikwisha siku ya Jumanne. Wamebaki na maji matupu."

Kenias aliitazama meza. Kisha akauliza swali moja, kwa unyenyekevu uliomtia Sekesai baridi.

"Afande, mzee alikuwa ameshasema lolote?"

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote."

Alipokwisha kuondoka, Mavhunga alifunga mlango. "Kwa nini tumemwacha? Amedanganya wazi."

"Amedanganya kuhusu ndama. Wakili atasema alikuwa kwa mwanamke. Lakini umesikia alichouliza? Kila aliyepita hapa leo ameuliza ni nani aliyemuua Onias. Yeye ameuliza Onias alisema nini."

Mazishi yalikuwa Jumapili. Kipupwe kilikuwa kimekaza, na miamba ya Gutu ilikuwa na rangi ya majivu. Watu walijaa ua wa Zhanje, akina Marimo upande mmoja, akina Muredzi upande mwingine, kwa maana kutokuja ingekuwa ni kujishtaki.

Mtani wa ukoo, mzee Chakanetsa, alitoka ndani ya nyumba amevaa koti la marehemu, miwani ya marehemu ikining'inia puani, na plaizi mkononi. Vicheko vilianza kabla hajafungua kinywa. Aliketi karibu na jeneza, akaokota kijiko cha chai, akaanza kukikagua kwa jicho moja.

"Mnalia nini nyie?" alisema kwa sauti ile ile ya pole ya Onias. "Mnalia au mna mafua? Nimeshinda nikifuta kutu maisha yangu yote. Nikirudi nyumbani, mke wangu ananifuta mimi."

Mama Esnathi mwenyewe alicheka huku machozi yakimtiririka.

Mzee mmoja alimchokoza. "Onias, chai tayari."

"Nitakunywa Jumamosi."

"Onias, ng'ombe wako wamo kwenye mahindi yangu."

"Tutazungumza Jumamosi, wote tukiwa tumekaa."

"Onias, nyumba yako inaungua."

"Ya upande upi? Niiteni Jumamosi, pande zote mbili zije."

Ua mzima uliangua kicheko, akina Marimo na akina Muredzi pamoja, maana kila mmoja wao alikuwa amejaribu kumdodosa mzee yule na kila mmoja alikuwa amejibiwa hivyo. Kenias peke yake hakucheka. Alisimama nyuma ya kaka yake Machona.

Hapakuwa na mtoto wa kumwaga udongo wa kwanza. Ndugu wa marehemu, Amosi, aliushika mwenyewe, na mkono wake ulikawia juu ya kaburi.

Baada ya maziko ililetwa sadza, ugali wa huko, na nyama. Sekesai alikula polepole akitazama sahani za watu. Huku kwao huaminiwa kwamba mwuaji akila chakula cha msiba wa aliyemuua, tumbo litamvimba mpaka aseme. Hakimu asingelisikiliza jambo hilo hata kidogo. Hata hivyo alitazama. Sahani ilimpitia Kenias, naye akaisogeza kwa jirani.

Chakanetsa, bado katika koti la marehemu, alisimama mbele yake na kipande cha nyama. "Wewe Shumba, simba gani asiyekula nyama? Au unangoja ikimbie kwanza uifukuze?"

"Nimeshiba, mzee."

"Umeshiba nini? Sijakuona ukitafuna."

"Niache, Onias," alisema Kenias.

Waliosikia walicheka, kwa sababu kumwita mtani kwa jina la marehemu ni sehemu ya mchezo. Lakini Chakanetsa hakucheka. Alikishusha kile kipande cha nyama, akavua miwani, akaenda zake. Alipompita Sekesai alinong'ona, "Huyo hakuwa akicheza."

Jumatatu asubuhi simu ya marehemu, iliyokuwa ndani ya mfuko wa vielelezo mezani, ilianza kulia. Sekesai alivaa glavu, akaitoa mfukoni na kupokea.

"Mzee Zhanje? Ni Ratidzo wa maabara. Nilitaka kujua kama Jumamosi bado ipo, nije mwenyewe kuwaeleza."

"Mimi ni Inspekta Gwatidzo. Mzee Zhanje amefariki. Ungekuja kuwaeleza nini?"

Sauti ya Ratidzo ilibadilika. "Alinipa mabaki ya rangi nyekundu aliyoyakwangua kwenye tundu la mpini. Nilimpa jibu Jumatano."

"Jibu lipi?"

"Si damu, Afande. Ni utomvu wa mninga. Ule mpini ulichongwa mti ukiwa mbichi, ukafungwa nyaya mara moja, utomvu ukagandia ndani. Yeye alikuwa ameshajua kabla yangu. Alitaka tu neno la mtu wa pili, akina Marimo wasiseme amewapendelea wenzao. Tena alisema bapa lenyewe halijawahi kunolewa. Lina umbo la shoka la vita, lakini lilifuliwa la kubebwa tu, mbele ya chifu, siku za ngoma. Halikuwahi kumkata hata kuku."

Sekesai alishukuru na kukata simu. Kisha akamwambia Mavhunga alete gari, waende kwa Kenias.

Boma la Kenias lilikuwa safi, limefagiwa. Yeye alikuwa kwenye kibaraza akichonga mpini wa jembe. Aliwaona wakija, akaweka chombo chini.

Locadia alileta maji. Alipiga magoti, akakinyanyua kikombe kwa mikono yote miwili, na mikono ya sweta ikateleza nyuma. Kwenye kifundo chake cha mkono wa kushoto palikuwa na bangili ya nyaya nyembamba za shaba zilizosukwa kwa mtindo wa mifupa ya samaki, nyeusi sehemu moja kama kitu kilichopita motoni. Haikuwa waya wa dukani; ilifanana na zile nyaya za mezani kwa Onias. Ilikuwa shaba iliyovutwa kwa mkono, kazi ya watu waliokwisha kufa.

Sekesai alipokea kikombe. Alijua ni swali gani linalofuata, na alijua kwamba mtoto yule angejibu kwa ukweli mtupu, kwa sababu hakuwa na habari: *Umeipata wapi?* Kwenye majivu, Mama. Nilipokuwa nikizoa.

Alikunywa maji. Hakuuliza.

Kenias alikuwa akiyafuata macho yake. "Locadia, nenda ukaangalie mbuzi," alisema. Msichana alipotokomea nyuma ya ghala, aliongeza, "Usimwulize mtoto, Afande. Nitasema yote. Yeye usimwulize."

"Sema."

"Machona alikuwa ameshakubali kumtoa, na yeye ndiye mkubwa wetu. Nikasema nimwendee mzee peke yangu, siku ambayo wanawake hawapo. Nimwombe tu."

"Umwombe nini?"

"Aseme silo. Hata kama ndilo. Aseme silo." Alifuta uso kwa mkono. "Mlango ulikuwa wazi. Mpini ulikuwa mezani, umevuliwa nyaya zote isipokuwa pale kichwani. Ndani ya tundu kulikuwa kwekundu. Kwekundu, Afande, kumeshuka mpaka kwenye nyuzi za mti. Nikajua ni damu ya yule mtu wa Marimo."

"Akasema nini?"

"Akanipa kiti. Nikapiga magoti badala ya kukaa. Nikamwambia, mzee, nina huyu mmoja tu. Akanishika bega, akasema, 'Jumamosi, mwanangu. Wote mkiwa mmekaa.' Nikamwambia hiyo damu naiona kwa macho yangu. Akasema, 'Jumamosi.' Nikaushika mpini. Naye akaushika. Tukavutana kama watoto. Nikamsukuma." Aliusogeza pembeni ule mpini wa jembe. "Sikutaka afe. Nilitaka aachie."

"Ukamfumba macho."

"Angebaki akinitazama."

"Na mpini ukauchoma."

"Nikauchoma. Sikujua kwamba nyaya haziungui."

Sekesai aliweka kikombe chini. Angeweza kunyamaza, mahakamani yangesemwa yote. Lakini aliona kwamba kumficha ingekuwa ukatili wa namna nyingine.

"Haikuwa damu, Shumba. Ulikuwa utomvu wa mninga."

"Mininga nimekata tangu utotoni," alisema Kenias, karibu kwa hasira. "Hutoa damu ukikata mti hai. Mpini mkavu hautoi."

"Huo ulichongwa mbichi. Shoka lenyewe lilikuwa la ngoma, halijawahi kumgusa mtu. Jumamosi ndilo hilo alilokuwa anakwenda kuwaambia."

Kenias alimtazama Sekesai, akamtazama Mavhunga. "Alikuwa anajua?"

"Tangu Jumatano."

"Nami nilikwenda Alhamisi."

"Ndiyo."

"Aliponishika bega alikuwa anajua." Alilisema polepole, kana kwamba analitafutia mahali pa kuliweka. "Uso wake haukusema kitu, Afande. Nilimtazama usoni. Angalau angetabasamu."

"Aliapishwa."

"Tulimwapisha sisi." Alinyoosha mikono ipokee pingu kabla Mavhunga hajazitoa. "Deni halikuwapo, basi. Sasa lipo. Nimelitengeneza mimi mwenyewe."

Jumamosi walikutana kama ilivyopangwa, kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuivunja ahadi ile. Mikeka ilitandikwa uani kwa Zhanje. Ratidzo wa maabara alieleza habari ya utomvu, na wazee wa Marimo waliinamisha vichwa, wakasema dai lao limekufa.

Hapo Amosi, ndugu wa marehemu, akasimama. "Lao limekufa. Langu limezaliwa. Ndugu yangu amelala bila mtoto wa kulitaja jina lake. Akina Muredzi wanajua kinachotakiwa."

Machona hakubisha. Aligeuka, na kutoka nyuma yake Locadia akajitokeza, amebeba mfuko wa nguo zake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu, bila ile bangili.

Sekesai alisimama. "Atakayempokea nitamkamata. Na aliyemleta pia."

"Utakamata wangapi, dada?" aliuliza Amosi, bila ubaya. "Na utatulinda miaka mingapi?"

"Hawakunilazimisha," alisema Locadia. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Lile la zamani sikuliamini. Hili baba amelisema mwenyewe."

Sheria aliyokuwa nayo Sekesai ilimzuia mtu kumtoa mtoto. Haikujua la kufanya na mtoto anayejitoa.

Mama Esnathi aliinuka kutoka mkeka wa wanawake. Wajane hawasemi katika kikao cha namna hii, na labda ndiyo sababu wote walimsikiliza.

"Aliyekufa ni mume wangu," alisema. "Deni likiwa la mtu, ni langu kabla ya kuwa lako, Amosi. Unasema mtoto huyu azae, na watoto waitwe wa Onias. Nitawaita kila asubuhi, na kila asubuhi nitajua walivyopatikana. Yeye alikufa akiwa na neno moja mdomoni la kumrudisha huyu nyumbani kwao. Sipokei. Kama jina lake litakufa kwa hilo, life."

Amosi akachukua kofia yake, akatoka nje ya ua bila kuaga. Hakusema amekubali. Mwaka watakapougua watoto wa Muredzi tena, au wa kwake, mtu atalikumbuka hili. Sekesai alilijua, na Machona alilijua, kwa maana alikuwa akitazama chini bila kumkaribisha mtoto wa ndugu yake arudi upande wake.

Sekesai alimsogelea mjane. "Hana mtu nyumbani, Mama. Na kwa baba yake mkubwa hapafai. Nyumba yako ina nafasi."

Uso wa Mama Esnathi ulijaa kitu ambacho kilikuwa kimekaa humo miaka mingi. "Unadhani sijalifikiria? Ningempikia kesho. Lakini akilala kwangu hata siku moja, watasema nimepokea. Na nikishapokea, ni wao watakaomgawa kwa mwanamume."

Hivyo msichana akaongozwa kwenye gari la polisi. Mavhunga alimfungulia mlango wa mbele, si wa nyuma. Locadia alikaa na mfuko wake magotini, akitazama mbele, kama mtu anayengoja aambiwe safari inaelekea wapi. Sekesai alikuwa na jina la masista wa misheni moja akilini, na hakuwa na hakika kama wangekuwa na kitanda.

Kabla gari halijaondoka, Mama Esnathi alivuka ua mpaka langoni. Alipiga magoti kwenye vumbi, mbele ya pande zote mbili, akakunja viganja na kupiga makofi, taratibu, yale ya kumuaga mgeni aliyekuja kutembea na sasa anakwenda kwao. Alipiga kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwapo.

Ndani ya gari Locadia aliushusha mfuko miguuni. Akakunja viganja vyake, akaitikia.